Ziwa Lisilo na Mti: Historia ya Kasenyi na Vyombo Vyake

Ukitoka Bunia kuelekea kusini mashariki, barabara inapita kwenye malisho ya ng'ombe hadi Bogoro, na kupita Bogoro ardhi inakatika. Bunia iko kwenye kimo cha mita 1,275 hivi kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Albert liko kama mita 620. Katika mwendo wa kilomita chache gari linateremka ukingo mzima wa Bonde la Ufa, baridi ya nyanda za juu inabaki nyuma, na joto la ziwa linakupokea pamoja na harufu ya samaki. Huko chini, juu ya mchanga, ndiko Kasenyi. Katika lugha ya Wahema na ya ndugu zao Wanyoro wa ng'ambo, musenyi ni mchanga, na mgeni akifika haulizi tena kwa nini mahali hapo pakaitwa hivyo.

Wakazi wa Bunia wanaijua Kasenyi kwa chakula. Sangara, ambaye wengi wetu tunamwita kapiteni, anapanda mlima kila siku akiwa mbichi, amekaushwa kwa moshi au ametiwa chumvi kuwa makayabo. Lakini kabla ya kuwa jiko la Bunia, Kasenyi ilikuwa mlango. Mali ya Mombasa iliyokusudiwa Stanleyville, tunayoiita leo Kisangani, ilishushwa hapo. Historia yake yote inazunguka swali moja ambalo kila mtu aliyewahi kusimama kwenye mchanga ule amelazimika kujiuliza: chombo cha kuvukia kitatoka wapi?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Ziwa lina urefu wa kilomita 160 na upana wa kilomita 30 hivi, na upepo wake hauna adabu. Uwanda ulio chini ya ukingo ni wa nyasi na vichaka vya miiba, na mti mnene wa kuchonga mtumbwi mkubwa ni adimu. Misitu iko juu, nyuma ya milima, upande wa Mambasa na Komanda. Kwa hiyo karibu kila chombo kilichowahi kuelea mbele ya Kasenyi kilibebwa nchi kavu kwanza, na aliyekibeba alikuwa mtu.

Chumvi na mitumbwi

Wanyoro waliliita ziwa hili Mwitanzige, maana yake muua nzige. Nzige wakijaribu kulivuka huchoka katikati na kuanguka majini. Watu, hata hivyo, walilivuka. Kibiro, kwenye ukingo wa mashariki, wanawake walichuja na kuchemsha chumvi kwa karne nyingi, na chumvi hiyo ilisafirishwa mbali, hata ng'ambo hadi upande wetu. Wahema, Waalur, Wanyoro, Walendu na Wabira walijuana kwa biashara, kwa ndoa na kwa ugomvi kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka katikati ya maji. Safari hizo zilifanywa kwa mitumbwi iliyochongwa katika gogo moja.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za mitumbwi hiyo alikuwa Samuel Baker. Yeye na mkewe Florence walilifikia ziwa upande wa mashariki tarehe 14 Machi 1864, wakiwa wamedhoofishwa na homa. Alilipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza aliyekuwa amefariki mwaka 1861, na jina hilo likabaki kwenye ramani hadi enzi ya Mobutu, rais aliyeliita kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1997, utawala wake ulipoanguka, la zamani likarudi. Baker aliomba mitumbwi kwa wenyeji wa Vacovia, akatandaza shuka lake la sufu la Kiskoti liwe tanga, akafuata ukingo kuelekea kaskazini. Aliyeondoka kwao na sifa ya kulivumbua ziwa alisafiri juu yake kwa vyombo vya wavuvi.

Mwaka 1876 Muitalia Romolo Gessi, aliyekuwa akiitumikia Misri chini ya gavana wake Gordon, aliingia kutoka kaskazini kwa boti mbili za chuma, akalizunguka ziwa lote. Baada yake ikaja Khedive, meli ndogo ya mvuke ya tani 108. Iliundwa London na kampuni ya Samuda, kando ya mto Thames, ikasafirishwa vipande vipande kupanda Nile, ikafika mikononi mwa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta. Hapo ndipo kawaida moja ilipoanza, nayo ilidumu miongo kadhaa: meli ya ziwa letu inazaliwa kando ya mto wa Uingereza, inafunguliwa, inabebwa, kisha inaungwa upya katikati ya Afrika.

Boti iliyobebwa kupitia Ituri

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alitumwa kumwokoa Emin, aliyekuwa amezingirwa baada ya vita vya Mahdi nchini Sudan. Kabla ya kuondoka aliagiza boti kwa Forrestt, mafundi wa London ambao katika miaka hiyohiyo walihamishia kazi yao Wivenhoe, kijiji cha waunda meli kando ya mto Colne. Iliitwa Advance. Ilikuwa ya chuma cha pua, urefu wake mita 8 na nusu, nayo iligawanywa katika sehemu 12, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 34 hivi ili iweze kubebwa na watu.

Watu hao walitoka Zanzibar. Zaidi ya wapagazi 600 waliandikishwa huko, wakapandishwa meli mwezi Februari 1887, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Congo. Tarehe 28 Juni msafara wa mbele wa watu 389 uliondoka Yambuya na kuingia msituni. Palipokuwa na maji, boti iliungwa na kuwabeba wagonjwa. Palipokuwa na maporomoko, ilifunguliwa na kurudi vichwani. Njaa iliwaua wengi. Walipofika Ipoto, kambi ya Wamanyema waliotafuta pembe za ndovu kwa bunduki, hawakuwa tena na nguvu za kubeba chuma. Boti ikaachwa nyuma.

Walitoka msituni, wakapigana na watu wa chifu Mazamboni, wakafika ukingoni tarehe 13 Desemba 1887. Ziwa likawa mbele yao, na Emin alikuwa mahali fulani kaskazini ya maji hayo. Waliwaomba chombo wenyeji wa mwambao, wakanyimwa. Mitumbwi waliyoiona ilikuwa ya watu wawili tu. Wakatafuta mti wa kuchonga mtumbwi wao wenyewe, lakini kwenye uwanda wote hawakuona unaotosha. Msafara uliokuwa umevuka msitu wa Ituri kwa karibu miezi sita, ukiacha makaburi njia nzima, ukageuka na kurudi ulikotoka, kwa sababu ulikosa boti.

Walijenga Fort Bodo msituni. Mwanzoni mwa 1888 watu walitumwa Ipoto kuzichukua zile sehemu 12, na mwezi Aprili msafara ulishuka tena ziwani, safari hii ukiwa na Advance. Jephson, ofisa aliyeisimamia boti hiyo, aliishusha majini na kwenda kumtafuta Emin. Tarehe 29 Aprili 1888 Khedive ilitia nanga karibu na kambi, na aliyekuja kuokolewa akawaletea waokoaji wake nguo na chakula.

Vitabu vya Ulaya vinausimulia mkutano huo kama mkutano wa wakubwa wawili. Sisi wa Ituri tuna sababu ya kuutazama kwa jicho jingine. Chombo kilichowakutanisha kilibebwa na Wazanzibari, na wao, pamoja na Wamanyema wa Ipoto, ndio waliokuwa wakizungumza Kiswahili katika msitu huu kabla ya mmisionari yeyote kukifundisha. Sokoni Bunia leo Mhema, Mlendu, Mbira na Mwalur wanapatana bei kwa lugha hiyo. Ilifika kwa njia ileile ya boti, ikiwa na jasho, na mara nyingi ikiwa na damu.

Mlango wa dhahabu

Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliutamani ukingo huu. Katika mkataba wake na Uingereza wa mwezi Mei 1894 alihakikishiwa njia ya kufika ziwani kupitia Mahagi, kwa kuwa aliyefika majini alikuwa amefika Nile. Mwaka 1910, baada ya kifo chake, Wabelgiji na Waingereza walipatana juu ya mpaka, na ukingo wa magharibi ukabaki upande wa Congo.

Wakati huo jambo jingine lilikuwa limegunduliwa juu ya mlima. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu karibu na Kilo. Uchimbaji ulianza mwaka 1905, na mwaka 1926 migodi ya Kilo na Moto ikawa kampuni moja. Mgodi unataka mashine, saruji na mafuta, na bahari iliyo karibu zaidi na Bunia ni ya mashariki. Kutoka mdomo wa mto Congo shehena ilipaswa kupita kwenye reli na mito hadi Stanleyville, kisha barabara ndefu ya msituni. Kutoka Mombasa ilipanda reli hadi Namasagali, ikavuka Ziwa Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, ikaenda kwa lori kama kilomita 120 hadi Butiaba, kisha ikavuka ziwa letu. Upande wa Congo ilipokelewa Kasenyi au Mahagi-Port. Kutoka Kasenyi barabara ilipanda hadi Bunia, ikaendelea Irumu na Stanleyville.

Vyombo vya njia hiyo navyo vilizaliwa kwenye mito ya Uingereza. Mwaka 1912, huko Lytham, kwenye mdomo wa mto Ribble, iliundwa boti ya mvuke iliyoitwa Livingstone. Ilifanya kazi kwenye Nile ya Uganda na Ziwa Albert ikibeba mizigo, wamisionari na wawindaji. Mwaka 1951 John Huston alipotengeneza filamu yake The African Queen, baadhi ya picha zikipigwa Butiaba na nyingine hapa Congo karibu na Ponthierville, boti hiyo ndiyo iliyopewa jina la filamu. Sasa iko Florida, Marekani, na watalii hulipa ili waipande.

Meli kubwa kupita zote ilikuwa Robert Coryndon, iliyopewa jina la gavana mmoja wa Uganda. Iliundwa mwaka 1929 na kampuni ya Thornycroft huko Woolston, kando ya mto Itchen mjini Southampton. Woolston kilikuwa kijiji kabla ya mji kukimeza, na karakana za meli ndizo zilizokipa sifa. Mafundi wake waliiunda meli, wakaifungua, wakaisafirisha vipande vipande. Mwaka 1930 iliungwa tena kwenye ukingo wa Ziwa Albert, bati kwa bati, na vibarua wa Afrika wakisaidia kazi. Kwa zaidi ya miaka thelathini iliunganisha Butiaba, Kasenyi, Mahagi-Port na Pakwach. Abiria wa daraja la kwanza walilala kwenye vyumba vyao. Mizigo ilikuwa chini. Mchanga wa Kasenyi ulingoja.

Maji yalipopanda

Kilichoijenga Kasenyi kilivunjika kwa muda mfupi, na visa vyake vilikuja karibu pamoja. Mvua za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zilijaza maziwa ya Afrika Mashariki kuliko wazee walivyowahi kuona. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili, na maji yake yakafika kwetu kupitia Nile. Gati za Butiaba zikazama. Mwaka 1964 Robert Coryndon iliachwa hapo, nusu ndani ya maji. Mwaka huohuo reli ya Uganda ilifika Pakwach, na shehena za kaskazini mwa Uganda hazikuhitaji tena meli ya ziwa. Mwaka huohuo tena waasi wa Simba waliteka Stanleyville na Bunia, na barabara ya kutoka Kasenyi kuingia ndani ya nchi ikawa njia ya vita.

Bandari ya Butiaba haikurudi kuwa vile. Kwa miongo kadhaa Robert Coryndon ilikaa na kutu yake, wavuvi wakipita kando, hadi ilipokatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Khedive, Advance na meli nyingine za chuma zilikuwa zimekwisha kutoweka ziwani kabla yake. Hakuna hata moja iliyoachwa Kasenyi ili mtoto wa shule apelekwe kuitazama.

Mafundi wa mchangani

Ziwa halikubaki tupu. Meli zilipoondoka, waliokuwepo kabla yao walikuwa bado wapo, nao walikuwa wamejifunza.

Nenda Kasenyi au Tchomia, jirani yake wa kaskazini, utembee mchangani mbali kidogo na soko. Utaona mbao zimeegemezwa, msumeno, nyundo, kopo la misumari, na kiunzi cha chombo cha mbao tunachokiita pirogi, kinachosubiri ubavu wa pili. Mbao zimeteremka na lori kutoka upande wa msitu. Fundi hana karatasi ya michoro. Kipimo chake ni kamba na hatua zake mwenyewe, na ubishi kuhusu upana wa tumbo la chombo huamuliwa na yule aliyekwisha kuunda vingi. Nafasi kati ya mbao huzibwa kwa pamba na nyuzi, na kazi hiyo huchukua muda, maana ziwa hukagua kila kiungo.

Umbo la chombo nalo lina sababu. Mtumbwi wa gogo una tumbo la mviringo na upana wake hauzidi unene wa mti. Pirogi ya mbao ya ukingo wetu ina kitako bapa. Inaelea kwenye maji ya kina kifupi, inavutwa mchangani pasipo gati, na inatulia wavu uliojaa unapopandishwa upande mmoja. Inabeba magunia, pikipiki, mapipa na ng'ombe. Wavuvi wa Uganda wameipenda kiasi kwamba aina hiyo ya chombo inajulikana upande wao kwa jina la Congo. Kwa miongo kadhaa vyombo vikubwa vya ziwa hili vilikuwa na majina ya mbali. Hiki kina jina letu.

Ni chombo hiki kilichobeba mambo mazito ya miaka ya karibuni. Mambo hayo ni ya vita. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilithibitisha kwamba raia waliuawa, na mwaka 2014 Germain Katanga alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kushiriki katika uhalifu huo. Tarehe 31 Mei 2003 ikawa zamu ya Tchomia. Mwanzoni mwa 2018, mauaji yalipoanza tena Djugu, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Uganda kwa pirogi, familia zikiwa zimebanana na magodoro na sufuria. Baadhi ya vyombo vilizidiwa na watu wakazama. Waliofika salama walifika kwa sababu mtu fulani, miaka kadhaa nyuma, alipigilia misumari yake kwa uangalifu.

Mwaka 2020 maji yalipanda tena na kuingia katika nyumba za mwambao, huku na ng'ambo. Wazee walioyaona maji ya miaka ya 1960 waliikumbuka hali hiyo mara moja. Watu walihamisha vitu, wakasogeza vibanda, wakasogeza na sehemu ya kuundia pirogi. Kwa kuwa karakana ni mchanga na kivuli, nayo inahamishika.

Kazi iliyobaki

Woolston hakuna tena karakana ya Thornycroft, na Wivenhoe haiundi meli. Lakini jina la aliyeunda Robert Coryndon limeandikwa, na mwaka wake, na mto wake. Vijiji vile vilipoteza kazi yao vikabaki na kumbukumbu. Sisi tuna hali iliyo kinyume: kazi tunayo, iko hai, inasikika kwa nyundo kila asubuhi, lakini haijaandikwa popote. Fundi akifa Kasenyi, anaondoka na vipimo vyake, na mwanawe akihamia Bunia kutafuta kazi ya pikipiki, mnyororo umekatika.

Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mwalimu wa historia wa Bunia awashushe wanafunzi wake mlimani siku moja, na kila mmoja awe na daftari. Wamuulize fundi alifundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani. Waulize ubao unatoka msitu gani, unapimwaje, na kwa nini tumbo la pirogi ni bapa. Waandike majina kamili. Mabega yaliyobeba zile sehemu 12 za Advance mengi yamepita bila majina, na hasara hiyo hairudishiki tena. Mikono inayolifanya ziwa livukike leo bado iko mchangani. Tuiandike ingali inafanya kazi.